Skeli ya Heshima

Manispaa ya Kisiwa cha Halikonisi inapenda kuutangazia umma, wa ndani na wa ng'ambo, kwamba kuanzia sasa historia ya kisiwa itapimwa kwa vigae.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya meya, kwenye mlango wa kanisa na, kwa bahati mbaya ya mbandikaji, kwenye mlango wa choo cha wanaume bandarini, ambako ndiko lilikosomwa na watu wengi zaidi. Aliyeliandika alikuwa Anargyros Lembesis, Naibu Meya mwenye dhamana ya Utamaduni, Bandari na Paka Wasio na Makazi. Kila alipopita alisimama kulisoma upya, mikono nyuma, na kila mara aliona limekaa sawa.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka, na kwa hiyo ulihitaji maelezo marefu. Ukuta wa gati, ambao kwa miaka mingi ulikuwa umechorwa mioyo na majina ya timu za mpira, ungefunikwa kwa picha za merikebu zote za kihistoria za kisiwa, zile zilizopigana na Sultani wa Istanbul enzi za mababu. Si picha za rangi za kumwagamwaga. Ni picha za miraba, kama zile za michezo ya kompyuta ya zamani, kila mraba ukiwa kigae kimoja kidogo, na kila kigae kikisimama badala ya nusu mita ya chombo halisi. Mtu angetembea gatini na kuona kwa macho yake ni merikebu ipi ilikuwa kubwa, ipi ndogo, na kwa kiasi gani.

Iliundwa Kamati ya Kudumu ya Skeli ya Kihistoria. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyejua kuchora, jambo lililohakikisha kwamba kamati haitaelemea upande wa wataalamu. Kazi ya kuchora ikapewa Polyxeni, binti wa dada yake Anargyros, aliyesomea usanifu wa meli Piraeus na ambaye tangu utotoni alikuwa akijenga vyombo vya zamani kwenye skrini, mraba mmoja mmoja. Alikuwa na jicho kali na ulimi usio na breki. Anargyros alimpendekeza kwa sababu ya jicho.

Kifungu cha Kwanza cha kanuni alikiandika Anargyros mwenyewe: "Kigae kimoja ni nusu mita, kwa merikebu zote, bila kujali jina, ukoo wala cheo." Alipofika kwenye "wala cheo" alitabasamu. Ilikuwa furaha ya mtu asiyejua kinachomsubiri.

Maana Anargyros alikuwa na sababu yake ya kukesha na mambo ya vigae. Wakati wa Pasaka, Meya Thrasyvoulos Gikas alimvuta pembeni, mdomo umejaa nyama ya mwanakondoo, akamwambia, "Anargyros, mimi nimechoka. Ukuta huu ukizinduliwa siku ya Sikukuu ya Moto bila kelele, kiti changu ni chako." Tangu siku hiyo Anargyros hakukaa tena kwenye kiti chochote kama watu wengine wanavyokaa. Alikuwa akijaribu mkao.

Sikukuu ya Moto haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Halikonisi. Kila Septemba fundi Lazaros hujenga kwa mbao na matete mfano wa manowari kubwa ya Sultani, ile waliyoichoma mababu. Huvutwa mpaka katikati ya bandari, meya huitia moto, na watu wakisubiri kupiga makofi, meya hutamka maneno yaliyotamkwa na mameya wote waliomtangulia: "Na ateketee hivi kila anayejikuza juu ya bahari yetu!" Baada ya hapo watu hula samaki.

Kamati ilianza kwa bidii. Kikao cha kwanza kiliangukia kwenye urefu wa mababu. Mtu wa kawaida ni mita moja na robo tatu, yaani vigae vitatu na nusu, na kigae hakikatwi.

"Basi wawe vitatu," alisema mhasibu mstaafu.

"Mita moja na nusu?" Daktari wa meno aliruka kama aliyechomwa sindano yake mwenyewe. "Babu yangu alimpiga nahodha wa Sultani ngumi ya uso! Kwa urefu huo angemfikia kitovuni!"

"Wawe vinne, yaishe."

"Mita mbili! Kisiwa kizima hakina mlango wa mita mbili. Walikuwa wanalala nje?"

Polyxeni alikuwa pembeni akinyonya kahawa ya barafu kwa mrija. "Msichore watu," alisema. "Chora merikebu. Kwa umbali huo watu hawaonekani."

Wazo hilo lilionekana la dharau. Baada ya mashauriano ilikubaliwa kwamba manahodha wawe vigae vinne na mabaharia vitatu, tofauti ya nusu mita ikihesabiwa kuwa ni uongozi.

Polyxeni aliwaacha na mababu wao akaenda kupima. Alipima nanga zilizolala uani kanisani, alipima mbao za tezi, yaani za nyuma ya chombo, zilizogeuzwa meza kwenye nyumba za watu, alipima mabanda ya mawe ufukweni ambamo vyombo vililazwa wakati wa baridi. Kisha alikaa kwenye duka la zamani la sifongo, ambalo ndilo lililokuwa karakana yake, na kuanza kupanga miraba. Kazi hiyo ina uchungu wake. Kwa skeli ya nusu mita kamba hupotea kabisa. Mlingoti huwa kigae kimoja, uwe mnene uwe mwembamba. Mkunjo wa omo, yaani wa mbele, lazima upandishwe ngazi kwa ngazi, na ukikosea mraba mmoja tu, merikebu ya vita inageuka beseni la kufulia. Alikuwa anaweza kubishana na mraba mmoja asubuhi nzima, akiuweka na kuuondoa, na hatimaye akauacha palepale alipouweka mwanzo.

Anargyros, ambaye hakuwahi kupenda chombo chochote cha baharini kwa sababu hutapika hata kwenye feri, alijikuta anapita pale kila jioni kutazama. Hakumwambia mtu. Aliona raha tu, raha isiyo na uhusiano na kamati.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya Anikiti.

Anikiti, yaani Asiyeshindika, ilikuwa merikebu ya Kapteni Gikas, babu wa babu yake meya. Picha yake ya mafuta ilining'inia nyuma ya kiti cha meya: milingoti mitatu, mizinga safu mbili, mawimbi yakiikwepa kwa adabu. Ilichorwa miaka mingi baada ya Kapteni kufa, na mchoraji aliyeletwa kutoka bara, ambaye hakuwahi kuiona merikebu hiyo wala, ukitazama yale mawimbi, bahari.

Meya aliinamia mchoro wa Polyxeni uliotandikwa mezani. "Hii nini?"

"Anikiti, Mheshimiwa."

"Naona mashua."

"Ni mashua. Mlingoti mmoja, vigae ishirini na viwili. Mita kumi na moja."

Meya alicheka. Anargyros naye akacheka, kama kanuni za utumishi zinavyotaka. Kisha meya akaacha kucheka na Anargyros akabaki na kicheko mkononi, hajui pa kukiweka.

"Binti yangu, mita kumi na moja ni gereji yangu."

"Ndiyo, na humo ndimo nilimopimia. Hilo banda unamoegesha gari alilijenga Kapteni kuilaza Anikiti. Nguzo zake bado zipo. Mkeo alinishikia ncha ya futi."

"Mke wangu!"

"Akanipa na vitamu vya lozi. Vizuri sana." Polyxeni alivuta mchoro mwingine, mrefu, akauweka kando ya ule wa kwanza. "Sasa tazama. Hii ni manowari ya Sultani. Sitaha mbili, milingoti mitatu, vigae mia na kumi. Na babu yako ni huyu hapa chini. Alivuta nyuma ya Anikiti mashua nyingine iliyojaa lami na baruti, akaipitisha juu ya mwamba wa Xera, pale ambapo hakipiti chombo chochote cha maana, akaibandika ubavuni mwa hili dude, akarudi na watu wake wote. Kwa mita kumi na moja! Angekuwa na hiyo ya kwenye picha angekwama mwambani mpaka leo, tungekuwa tumemwekea taa ya kuonya meli."

Meya alitazama mchoro mdogo, akatazama mkubwa, akatazama picha ukutani. Kwa muda kidogo ilionekana kama anaelewa.

"Nimekusikia vizuri sana," alisema. "Sasa ongeza."

"Nikiongeza yako naongeza za wote. Skeli ni moja."

"Aliipitisha nani hiyo skeli?"

Anargyros aliinua mkono nusu. "Mimi, Mheshimiwa."

"Basi irudishe ulikoitoa."

Ndipo ilipozaliwa Skeli ya Heshima. Kifungu cha Kwanza, kama kilivyorekebishwa, kilisomeka: "Kigae kimoja ni nusu mita, isipokuwa pale ambapo nusu mita haitoshelezi hadhi." Kifungu cha Pili kiliweka wazi kwamba hakuna chombo ukutani kitakachozidi kile cha ukoo wa mwenye madaraka ya juu. Wajumbe walipitisha bila kupepesa macho. Na kwa kuwa kifungu hakikutaja kuongeza, njia ya mkato ilikuwa kuiacha Anikiti na vigae vyake ishirini na viwili na kupunguza wengine. Manowari ya Sultani ikashushwa mpaka vigae ishirini.

Mchoro wa majaribio ulibandikwa kwenye mgahawa wa Bibi Zambeta ili wananchi watoe maoni. Bibi Zambeta alivaa miwani, akausogelea, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hii ndiyo manowari ya Sultani?"

"Ndiyo, Bibi," alisema Anargyros, akiwa tayari na kalamu ya kupokea maoni.

"Mita kumi."

"Kwa mujibu wa skeli iliyorekebishwa."

"Kwa hiyo kisiwa kizima, na mizinga, na mapadri, na kengele, na babu yangu aliyekatika vidole, walikesha kuchoma beseni?"

Wazee waliokuwa wakicheza tavli waliacha kete hewani. "Mimi nina friji kubwa kuliko hii," alisema mmoja.

"Hebu ona na admirali wao, vigae vinne," alisema mwingine. "Alikuwa anakaa wapi? Miguu ilikuwa majini!"

"Wazee wangu, hili ni suala la kiufundi," alisema Anargyros.

"Ufundi gani? Wa kumramba Thrasyvoulos viatu?" Bibi Zambeta alimnyooshea kijiko. "Mwambie huyo nilimjua akiwa na makamasi. Mwambie asipomrudisha adui yetu ukubwa wake, kahawa atakunywa kwao."

Kamati ikarudi mezani. Jambo lilikuwa gumu kwelikweli. Adui akiwa mdogo, mababu wanaaibika. Adui akiwa mkubwa, meya anaaibika. Ndipo mhasibu mstaafu, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amechangia usingizi tu, akasema kwamba kuna njia isiyomwaibisha mtu: adui abaki na vigae vyake mia na kumi, na Anikiti ipewe mia na kumi na vinne. Wajumbe walimpigia makofi. Anargyros alijisikia kama mtu aliyetolewa mfupa kooni.

Kilichobaki ni kumwambia Polyxeni.

Alimkuta karakanani, vigae vya buluu vimemzunguka miguuni. Alimsomea azimio lote, pamoja na utangulizi. Polyxeni alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mjomba, merikebu haikui kama mtoto," alisema. "Nikiivuta ile mashua mara tano, ubao wake unakuwa mnene kama godoro. Usukani utahitaji wanaume wanane. Kata ya kunywea maji itakuwa pipa. Chombo cha ukubwa huo kina umbo lake, sitaha mbili, tezi pana yenye madirisha. Na chenye umbo hilo, kwenye bahari yetu hii, kilikuja kimoja tu. Unajua kilikuja na nani."

"Basi chora hilohilo."

"Hilohilo lipi?"

"Hilo umbo. Na jina Anikiti kwenye tezi, kwa herufi kubwa. Meya anataka lisomeke kutoka kwenye feri."

"Mjomba Anargyros. Ngoja nirudie nisije nikakosea. Nichore manowari ya Sultani, niiandike jina la Kapteni Gikas."

"Utekeleze azimio la kamati ya kudumu kwa kuzingatia..."

"Acha. Niambie wewe. Unakitaka kweli hicho kiti?"

Anargyros alitafuta maneno ya kikao na hakuyapata. "Nakitaka," alisema. "Nimembebea Thrasyvoulos mkoba miaka yote hii. Nimembebea mpaka mbwa wake kwa daktari, akanitapikia kwenye suti. Nakitaka, Polyxeni."

Polyxeni alimtazama kwa huruma, na hiyo ilimuuma Anargyros kuliko kama angemtukana.

"Haya, nitachora," alisema. "Kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Ila ujue nimekwambia. Na lingine, kubwa mbili hazitoshi ukutani. Moja lazima itoke."

"Toa ya Sultani."

"Utoe adui?"

"Si tunamchoma kila mwaka? Atakuwepo siku ya sikukuu. Ukutani tubaki wenyewe kwa wenyewe."

Polyxeni alikunja mikono ya shati. Aliokota kigae cha kahawia na kuanza kazi.

Ukuta ulipokamilika ulikuwa mzuri, lazima isemwe. Vyombo vidogo vya kisiwa vilijipanga kwa skeli yao ya kweli, na katikati yao ilisimama Anikiti, imejaa ukuta, madirisha ya tezi yamepigiwa vigae vya dhahabu, na jina kwa herufi kubwa. Meya alipiga picha mbele yake akiwa amesimama, amekaa na ameegemea. Kwa furaha aliagiza utolewe waraka kwamba merikebu yoyote itakayotengenezwa kwa matumizi ya umma, iwe nembo ya shule, biskuti au mfano wa mbao, ifuate mchoro rasmi, mraba kwa mraba. Anargyros aliuandika waraka huo kwa mkono wake na kuusambaza mpaka kwa mwokaji mikate.

Ulifika pia kwa fundi Lazaros. Mzee huyo alikuja ofisini na kofia mkononi, wakati Anargyros ana simu sikioni na mtu wa wizara upande wa pili, wakijadili upana wa utepe.

"Naibu, mwaka huu nijenge ipi?"

"Kama kila mwaka, Mzee Lazaros."

"Kila mwaka najenga ile kubwa, kwa kichwa tu. Sasa mmesema mchoro. Nimekwenda ukutani. Kubwa ni moja."

"Basi si umeiona? Jenga hiyo."

"Kama ilivyo?"

Anargyros aliziba simu kwa kiganja. "Mzee wangu, mraba kwa mraba ina ugumu gani?"

"Na maandishi?"

"Kila kilichomo. Kila kilichomo!" Kisha akarudi kwenye utepe.

Lazaros alivaa kofia akaondoka. Hakuwa mtu wa kuuliza mara tatu.

Siku ya Sikukuu ya Moto gati ilijaa hadi kwenye ngazi za kanisa. Katibu wa wizara alikuwa ameketi mstari wa mbele. Feri ya jioni ilisimama nje ya bandari ili abiria waone. Ukuta ulizinduliwa, utepe ulikatwa, hakuna aliyepiga kelele, na Anargyros alianza kuhesabu mapazia ya ofisi yake mpya. Kisha manowari ya Sultani ikavutwa kutoka nyuma ya rasi, omo likiwaelekea watu, na gati nzima ikaguna. Mzee Lazaros hakuwahi kujenga kitu kama kile. Mambo ya kupima yalikuwa yamemnoa.

Meya alishika kipaza sauti. "Tazameni kiburi!" alinguruma. "Tazameni hizo sitaha mbili! Hivyo vidirisha vya dhahabu! Chombo kilichovimba kupita kipimo chake! Mwenye kitu hiki alidhani ukubwa ni heshima!"

"Mwambie!" walipiga kelele wazee wa tavli, ambao mwaka huu walimkubali kidogo.

Alitupa mwenge. Matete yakashika, moto ukapanda milingoti mitatu kwa pamoja, na meya akapanua mikono kutamka maneno yake. "Na ateketee hivi kila anayejikuza juu ya bahari yetu!"

Watu walipiga makofi, na upepo wa jioni, ambao haukuwa umepewa waraka, uliisukuma manowari kwa upole ikageuka. Tezi ikaja mbele. Na kwenye tezi, kwa herufi za ukubwa wa mtu, zikimulikwa na moto wake wenyewe, jina lilisomeka mpaka kwenye feri.

Makofi yalikatika. Bibi Zambeta alivaa miwani.

"A-ni-ki-ti," alisoma. Kisha akageuka jukwaani. "Thrasyvoulos! Umemchoma babu yako!"

Shangazi wa meya alizimia, baada ya kuhakikisha nyuma yake kuna kiti. Kengele ya kanisa ililia bila mtu kujua kwa nini. Meya alimgeukia Anargyros na kuziba kipaza sauti kwa mkono, ila alikiziba upande usiofaa.

"Anargyros, hii nini?" ilitangaza spika ya gati.

"Mchoro rasmi, Mheshimiwa," iliendelea kutangaza. "Mraba kwa mraba."

Katibu wa wizara alikohoa, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujaza ripoti yake: kama inayoungua ni Anikiti, kwa nini manispaa imeichoma? Na kama ni manowari ya Sultani, ni nini kilichozinduliwa ukutani muda huu?

Hapo meya alikwama kama chombo juu ya mwamba wa Xera. Akisema ni Anikiti, amechoma mbele ya wizara utukufu wa ukoo wake, na kuulaani juu ya hayo. Akisema si Anikiti, basi ile ya ukutani pia siyo, maana ni moja hiyohiyo. Moto ulifika kwenye herufi ya kwanza. Watu walikuwa wanamtazama yeye, si moto.

"Siyo Anikiti hiyo!" alipasuka.

"Imeandikwa!" alijibu Bibi Zambeta.

"Imeandikwa uongo! Anikiti ilikuwa mashua!"

"Hatukusikii!"

"Mashua! Mlingoti mmoja! Mita kumi na moja!"

"Ngapi?"

"Kumi na moja!" Spika zililia, na mwangwi ukarudi kutoka mlimani ukilitamka tena. "Inaingia gerejini kwangu! Nendeni mkapime!"

Watu wa Halikonisi hawana tabia ya kutii meya, ila siku hiyo walitii. Wote walielekea ufukweni kwenye banda hilo, na futi za kushonea, na kamba, na taa za simu, wakalisukuma gari la meya nje, wakaingia. Samaki wakaachwa wapoe. Banda lilinuka oili. Watu walipima kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni, wakapima tena, kisha kelele zikaanza kupungua zenyewe. Bibi Zambeta alisimama katikati, akatazama nguzo ya kushoto, akatazama ya kulia. Hakuhitaji kunyoosha mikono sana.

"Hivi tu?" alisema. "Alipita juu ya Xera na kitu hivi tu? Mbele ya lile dude?"

"Na akarudi nao wote," alisema Polyxeni kutoka mlangoni.

Mzee mmoja alivua kofia. Kisha wengine. Anargyros alikuwa amesimama nje kando ya meya, na aliona kwamba ni mara ya kwanza maishani mwake anaona watu wakimstaajabia Kapteni Gikas kwa moyo, bila hotuba. Hakuna aliyekuwa anamtazama mjukuu wake.

Yaliyofuata yalifuata taratibu. Tamko la meya likitolewa hadharani kwa kipaza sauti lina nguvu ya agizo, na hilo lilirudiwa mara kadhaa. Ukuta ukarekebishwa. Kazi ilikuwa ndogo kuliko kamati ilivyohofia: Polyxeni aling'oa jina, akakata vigae vinne vya heshima, na manowari ya Sultani ikabaki hapo kama ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa kuwa haikuwahi kuwa kitu kingine. Chini ya tumbo lake aliweka Anikiti, vigae ishirini na viwili. Kila anayepita huinama kuiangalia. Wageni huulizwa kwanza wakisie ni ipi iliyoshinda.

Gereji imetangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Gari la meya linalala nje karibu na mapipa ya taka, ambako paka wasio na makazi wamepata makazi juu ya boneti. Meya amelalamika kwa maandishi kwa idara husika. Idara husika ni Anargyros, ambaye amenyang'anywa Utamaduni na Bandari, na kiti hakukipata. Amejibu kwamba suala linashughulikiwa.

Jioni bado hupita ukutani. Siku moja alimkuta Polyxeni ngazini, akiweka mabaharia kwenye sitaha ya mwisho.

"Na mimi," aliuliza, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "kwa skeli ya kweli ningekuwa vingapi?"

"Vitatu na nusu, mjomba. Kama kila mtu."

"Na kigae hakikatwi."

"Hakikatwi. Vinne au vitatu, chagua mwenyewe."

Anargyros alimtazama Kapteni Gikas mdogo, amesimama kwenye mashua yake. Mikono yake ilikuwa nyuma kwa mazoea. Akaileta mbele, akaokota kigae chini na kumpa mpwa wake.

"Vitatu," alisema.